Uniti Sita za Nyumba Iliyofungwa

4 Februari

Kwa mpwa wangu, Wakili,

Salamu nyingi kutoka huku mbali. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Mke wangu hajambo, anasema ukipata likizo uje umsaidie kunisema. Watoto wako shuleni, na yule wa mwisho ameanza kubishana na walimu, nikamwambia mama yake kwamba huyu kafuata damu ya binamu yake. Kiwanda cha magunia bado kinanivumilia, kwa sababu ni mimi tu ninayejua mashine ya tatu ipigwe wapi ili iwake.

Nimesikia umepata kazi ofisi ya maji, kusoma mita. Hongera sana! Tangu utotoni hukukubali hesabu ya mtu bila kuihesabu upya, hata ikiwa ya pipi, ndiyo maana nikakubatiza Wakili. Nilijua ipo siku watatokea watu wa kukulipa kwa ubishi huo.

Sasa tuje kwenye jambo. Tangu tumzike mama yangu, bibi yako, nyumba yake nimeifunga, mwaka wa pili huu. Kila mwezi bili ya maji hunifuata kwenye sanduku la posta la kiwanda, na kila mwezi ni ile ile: uniti sifuri, ada ya huduma, basi. Nalipa, naweka risiti kwenye kopo la biskuti, maisha yanaendelea. Lakini bili ya Desemba ilikuja na uniti tano. Ya Januari, sita. Na chini yake kuna mstari ambao sikuwahi kuuona, wa majitaka. Majitaka ya nani? Nyumba imefungwa, nani anakwenda chooni, panya?

Kichekesho chenyewe ni hiki. Chini kabisa pameandikwa "malipo yaliyopokelewa", na yaliyopokelewa ni sawasawa na hizo uniti pamoja na hayo majitaka, mpaka senti ya mwisho. Kwangu imebaki ada ya huduma tu. Yaani mnanidai, mnajilipa wenyewe, kisha mnanibakizia kile cha siku zote. Nimeshika mashine mbovu miaka ishirini na sita, sijaona hata moja inayokosea kwa unadhifu kiasi hicho.

Wewe uko ndani, nieleze. Na usinieleze kiofisi.

Wasalimie wote huko.

Mjomba wako


27 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku ya tatu ya kuhesabu njia yangu, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Pole na goti. Mimi mzima. Njia yangu ina mita mia nne na kumi na mbili, mbwa sita wakali, na mwenye duka la vitambaa ambaye hakubali kunionyesha mita yake kabla sijamjibu nitaolewa lini. Viatu vya kwanza vimekwisha visigino, nimenunua vya pili. Mama yupo.

Umesema nisikueleze kiofisi, kwa hiyo chukua ndoo. Ndoo hamsini za lita ishirini ni uniti moja. Mita haijui nani kafungua bomba, inahesabu tu kilichopita. Naandika namba ya mwezi huu, natoa ya mwezi uliopita, tofauti ndiyo uniti zako. Ada ya huduma haina habari na maji. Hiyo ni ya kuwa na mita na bomba mlangoni kwako, unywe usinywe, ndiyo maana umekuwa ukiilipa na kufuli liko getini.

Majitaka ndiyo yenye kelele kila mwezi. Hayana mita, maana hakuna aliyekubali kukaa kule chini kuyahesabu. Ofisi inachukua maji yaliyoingia na kusema: katika kila ndoo kumi, nane zimerudi kwetu kwa bomba la chini, mbili zimenywewa, zimemwagwa uani au zimekauka kwenye kamba ya nguo. Hizo nane ndizo unazotozwa. Kuna mwalimu mstaafu mwenye bustani ambaye kila bili ikitoka anapanda ngazi zetu na fimbo yake kuja kusema maua yake hayaendi chooni. Ana haki yake kabisa, lakini fomu za wenye bustani ziliisha mwaka juzi na hakuna aliyezichapisha tena.

Kwa hiyo uniti zikiwepo, majitaka yanafuata. Ukiwa na sifuri, na yenyewe ni sifuri.

Utauliza kwa nini zamani ilikuwa sifuri. Msomaji aliyenitangulia alikuwa akisoma mita kwa mbali. Alikaa kwenye kibanda cha chai, akafungua daftari, akawasomea watu mita zao kwa kichwa. Penye watu aliandika wastani wa miezi mitatu, penye kufuli aliandika sifuri. Walimnasa alipompa uniti nane mtu ambaye nyumba yake ilikuwa imebomolewa. Mimi naenda mpaka penyewe, nainama, nafuta kioo, naandika kilichopo. Desemba palikuwa na tano, Januari sita. Nazisimamia namba zangu.

Na malipo yaliyopokelewa si kosa la mashine. Mtu alikuja dirishani akalipa. Dirisha letu halimwulizi mtu yeye ni nani, linamwuliza namba ya akaunti.

Nisamehe, karatasi imekwisha.

Mpwa wako


21 Machi

Wakili wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Goti limepewa mafuta ya kuchua yanayonuka mpaka mke wangu amehamia upande wa ukutani. Mashine ya tatu imekufa kabisa, na bosi ananiangalia kana kwamba ni mimi niliyeiua.

Somo lako la ndoo nimelielewa, nimewafundisha hata wenzangu wakati wa chakula. Lakini karatasi yako iliisha mahali pabaya. Mtu alikuja dirishani akalipa. Mtu gani?

Nakwambia kwa nini nauliza. Nimepata mnunuzi wa nyumba. Ni muuza matairi, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi, tayari ameshanipa cha kutangulia. Atakuja kuiona Juni. Anataka hati ya ofisi yenu kwamba nyumba haidaiwi, na mimi sitaki aje akute mambo ya kumtisha. Kama bomba limepasuka chini ya sakafu, niambie nitafute fundi. Kama si bomba, basi kuna mtu kaingia. Na kama kaingia na anajilipia, huyo si mjinga, Wakili. Huyo anajikusanyia risiti. Kesho kutwa atasimama mbele ya hakimu na bahasha imejaa, aseme nimekaa hapa, nimelipa hapa, hapa ni kwangu.

Nenda ukaangalie. Nakutegemea wewe peke yako huko.

Mjomba wako


19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na mashine imefufuka. Hapa mvua imenyesha wiki mbili mfululizo, vibanda vya mita vimejaa tope na konokono, na mimi nasoma namba kwa kijiko. Mwalimu wa maua amefurahi, mwezi huu hakumwagilia, kwa hiyo hakupanda ngazi.

Nimeangalia. Bomba halijapasuka. Kwenye uso wa mita kuna kinyota kidogo chekundu kinachozunguka maji yakipita, hata yakiwa uzi mwembamba. Bomba likivuja, kile kinyota hakipumziki, ukija asubuhi kinazunguka, ukija mchana kinazunguka. Cha nyumba ya bibi nimekiangalia siku tatu. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka kama saa tatu kinakwenda mbio, mchana kimetulia kabisa, jioni kinaamka kidogo. Hayo ni maji ya mtu mwenye kazi na ratiba.

Mita iko ndani ya geti. Kwa hiyo ndiyo, nimefunguliwa geti.

Mjomba, naomba usiuze kwa haraka. Naomba tu, sina la kuongeza kwa sasa.

Na mimi nikuulize jambo. Baba alifariki Septemba. Habari ilikufikia? Nauliza kwa sababu katika barua zako mbili umeniuliza bomba, umeniuliza panya, lakini hilo hukuligusa.

Mpwa wako


2 Mei

Kwa mpwa wangu,

Salamu. Sote wazima. Mashine inafanya kazi, goti halifanyi.

Umefunguliwa geti na hukusema na nani. Sikuelewi. Nilidhani nina mtu wangu ndani ya ofisi ya maji, kumbe nina ofisi ya maji tu.

Nimemwandikia meneja wenu moja kwa moja. Nimeweka namba ya akaunti, nimeeleza kwamba nyumba ni tupu, mimi ndiye mwangalizi wake na mlipaji, naomba maji yakatwe mara moja na mita ifungwe kwa lakiri. Bila maji hakuna mtu atakayekaa. Atatoka mwenyewe kwa miguu yake, tena bila kelele, na muuza matairi atakuta nyumba tupu kama nilivyomwahidi.

Usikasirike. Ukiwa na nyumba siku moja utaelewa.

Mjomba wako


23 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za mbwa wala za maua.

Barua yako kwa meneja ilifika. Jumanne asubuhi orodha ya kukata ilibandikwa ukutani, nyumba kumi na moja, na ya bibi ilikuwa ya nne. Kwa utaratibu wetu msomaji wa njia lazima aende na fundi, asome namba ya mwisho, kisha wote wawili waweke saini. Fundi wetu wa kukata ni mzee mmoja ambaye hata mkewe humwita Spana. Tukaenda.

Spana aligonga, mama yangu akafungua. Ndiyo, Mjomba. Mama yangu, dada yako. Mikono ina povu mpaka viwikoni. Akaniona mimi, akaona chombo mkononi mwa Spana, akaelewa bila kuambiwa.

"Mwenyewe ndiye kaomba?"

"Ndiye," nikasema.

"Kwa mdomo au kwa barua?"

"Kwa barua, na saini yake."

"Haya. Nipeni dakika kumi nisuuze haya mawili, nisiwarudishie watu mashuka yenye sabuni. Halafu mkate."

Spana akanigeukia. "Huyu ni nani kwako?"

"Mama."

Akauweka mfuko wake chini. "Sasa si tuandike hatukukuta mtu? Geti limefungwa, tumegonga, tumerudi. Mbona watu wanaandika hivyo kila siku?"

Mama alimjibu kabla sijafungua mdomo. "Mwanangu haandiki uongo. Anayetaka kuandika uongo aende kibanda cha chai."

Akasuuza mashuka yake mawili, akayaanika, akajaza ndoo mbili na sufuria kubwa, akasogea pembeni. Nikasoma namba. Spana akafunga, akatia lakiri, akanipa karatasi. Nikatia saini. Nimekata maji ya mama yangu kwa mkono wangu, kwa sababu wewe uliomba na kwa sababu ni kazi yangu, na nikikwambia sikulia nitakuwa naandika uongo wa kwanza tangu niajiriwe.

Sasa nisikilize, maana niliahidi kutosema, na ahadi hiyo nimeivunja. Nilipomwambia mama kwamba nakuandikia hakusema ndiyo wala hapana, na wewe unamjua, hiyo kwake ni ndiyo.

Baba alipofariki, ndugu zake walikuja na lori mwezi wa Novemba. Walisema nyumba ni ya ukoo wao. Walimwachia mama kitanda, masanduku mawili na pasi. Chumba changu mimi kinatosha kitanda na mwavuli. Mama alikuwa bado na ufunguo wa nyumba ya bibi, ule aliokuwa akiutumia miaka yote aliyomwuguza. Akaingia chumba cha nyuma. Vyumba vya mbele hajavifungua, anafagia tu baraza yake. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo karibu na stendi, seti kumi na mbili kila asubuhi, ndiyo hizo uniti sita. Nilimwambia nikuandikie. Akasema siku ya msiba wa bibi ulisimama katikati ya sebule, ndugu wote wamekaa, ukamwambia yeye ana nyumba ya mumewe, hii akuachie wewe. Akasema hatakuomba kitu tena maisha yake yote, na nikikwambia yuko pale atahama siku hiyo hiyo.

Risiti ulizoziogopa ni zake. Mwezi wa kwanza alinishika mkono akasema nimsomee bili mstari kwa mstari. Nikamsomea. Akafikiri, akaamua: "Ada ya huduma ni ya mita, na mita ni ya mwenye nyumba, hiyo alipe yeye. Maji nimetumia mimi, uchafu umetoka kwangu, hayo nalipa mimi." Ningeweza kumwandikia sifuri, Mjomba, asingejua mtu. Yeye ndiye aliyekataa.

Huyo ndiye mwizi wako.

Mpwa wako


22 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi umepita, hujajibu. Posta yenu inafanya kazi, nimeuliza.

Nakupa habari za nyumbani kama desturi inavyotaka. Mama anachota maji kwa jirani, ndoo kwa ndoo, ng'ambo ya barabara. Seti kumi na mbili zimekuwa tano, na nyumba ya wageni wameshaanza kumjaribu mfuaji mwingine. Mgongo unamuuma, anasema ni hali ya hewa.

Muuza matairi alikuja Alhamisi na futi ya kupimia. Mama alimpa kiti, akamwonyesha ufa wa jikoni ili asije akasema amefichwa, akamshikia ncha ya futi alipokuwa anapima chumba cha nyuma. Alipoondoka yule bwana aliniuliza pembeni, "Huyu mama anakwenda wapi nikishanunua?" Nikamwambia sijui. Ni kweli, sijui.

Umenifundisha kuendesha baiskeli, ulinilipia shule mwaka mmoja baba alipokosa kazi, na sijasahau hata siku moja. Kwa hiyo sikuandikii kama adui. Lakini nina hasira na wewe, nayo pia sitaificha. Nakuuliza swali moja na nataka jibu moja. Ukishauza, dada yako akae wapi?

Hati ya nyumba kutodaiwa imeshatoka kwa meneja, inangoja saini yangu kuthibitisha usomaji wa mwisho. Namba ni sahihi, kwa hiyo siwezi kukataa kusaini, na ikifika zamu yake nitasaini. Nimeiweka chini ya rundo. Rundo letu ni refu, ila lina mwisho.

Mpwa wako


11 Julai

Kwa mpwa wangu,

Hujambo, mwanangu. Watoto hawajambo. Mke wangu hajambo, ila hasemi nami vizuri tangu alipoisoma barua yako ya Mei, aliyoikuta ndani ya koti langu. Alisoma akaikunja, akaniuliza kama nimekula, akaenda zake.

Nimekaa na barua zako kwa sababu sikuwa na la kukujibu lisilonivua nguo. Sasa nimechoka kuvaa.

Habari ya baba yako ilinifikia. Ilinifikia siku ya pili tu, kwa simu ya ofisini. Bosi alinipa ruhusa ya siku nne, karatasi iko hapa mbele yangu ninapoandika. Nilikwenda mpaka stendi. Nikaona kwamba nikifika nitaingia katika sebule yenye watu wale wale walionisikia siku ya msiba wa mama, na nitalazimika kumwomba dada radhi mbele yao. Nikarudi. Siku nne zile nilikaa nyumbani nikitengeneza baiskeli ya mtoto. Haikuwa hata na tatizo kubwa.

Ulipoandika kwamba umefunguliwa geti, nilijua. Si kwamba nilihisi, nilijua kabisa. Nani mwingine angeamka saa kumi na mbili kufua na kulipa mpaka senti? Nikamwandikia meneja hata hivyo. Nilitaka wewe au yeye mnilazimishe, ili mimi nisiwe wa kwanza kusema. Ndivyo nilivyo, mpwa wangu, na nimeona haya mbele yako kuliko mbele ya mtu yeyote.

Jibu la swali lako ni hili. Dada atakaa pale pale alipo, na vyumba vya mbele avifungue. Nimempigia muuza matairi, nimemrudishia chake. Amenitukana kidogo, nikamwacha amalize, alikuwa na haki.

Ndani ya bahasha utakuta mambo mawili. La kwanza ni barua kwa meneja kwamba maji yafunguliwe na gharama ya kufungua ni juu yangu. La pili ni fomu yenu ya kubadili jina la akaunti, nimeiagiza ofisini kwenu kwa posta. Miaka hii miwili bili zimekuwa zikija kwa jina la marehemu mama, na mimi kwa kuzilipa nikajiona nimerithi. Pale pa jina la mteja nimeandika jina la dada, lote, kama linavyosomeka katika cheti chake cha kuzaliwa. Kuanzia sasa pale hakai kwa ruhusa yangu. Mimi nimetia saini penye shahidi.

Sijui nimwambie nini. Mpe tu fomu.

Mjomba wako


2 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo kubwa. Sisi wazima. Mwambie mke wako namshukuru kwa kupekua makoti.

Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni pa ofisi, kisha nikaenda kwa Spana nikamwonyesha ile ya kufungua maji. Hakusubiri orodha ya Jumanne. Alivaa kofia, tukaenda. Alipokata lakiri bomba lilikohoa, likatoa maji ya kahawia, halafu meupe. Mama alisimama na ndoo akaangalia mpaka ikajaa, akaifunga koki, ndipo nikampa bahasha yote, pamoja na barua uliyoniandikia mimi. Hukusema nimfiche.

Alisoma amekaa juu ya beseni lililogeuzwa. Alipofika penye baiskeli aliinua uso akasema, "Siku nne nzima?" Akaendelea. Alipomaliza akaniomba kalamu, nikadhani anasaini. Akafuta. Mjomba, alilipiga mstari jina lake mwenyewe!

Wiki moja baadaye alikwenda dirishani amevaa nguo za kwenda kanisani au arusini, sijui, zile za kijani. Mimi nilikuwa njiani na mita zangu, haya nimesimuliwa na karani. Alimwambia karani nyumba ni ya mama yao, na mama yao alizaa wawili, kwa hiyo anataka akaunti iwe ya wawili. Karani akasema fomu ina nafasi ya jina moja. Mama akasema karatasi ina nafasi pembeni. Karani akasema mashine haitakubali. Mama akamwomba aijaribu kwanza ndipo aiseme vibaya. Foleni ikarefuka mpaka kwenye ngazi, mwalimu wa maua akiwa ndani yake, na akaanza kuhutubia watu kuhusu fomu za bustani. Meneja akatoka. Ikachukua asubuhi nzima, kisha karani akagundua kwamba mashine inakubali majina mawili bila shida yoyote, ni wao tu hawakuwahi kujaribu.

Meneja aliagiza bili ya kwanza ya akaunti mpya ichapwe hapo hapo, watu wapate kupisha dirisha. Nakutumia. Uniti ni moja tu kwa sababu sehemu kubwa ya mwezi maji yalikuwa yamekatwa, na majitaka ni ya hiyo hiyo moja. Soma pale juu penye jina la mteja. La kwanza lake, la pili lako. Alisema awe wa kwanza kwa sababu ni mkubwa, na hilo hakumwomba mtu.

Nyumba ya wageni wamerudi wenyewe. Yule mfuaji mwingine aliwarudishia mashuka yenye rangi ya waridi.

Nilimwuliza mama kama ana salamu zozote kwako. Miezi sita nimekuandikia na hukuona salamu yake hata moja, kwa sababu hakunipa, nami sikutaka kumtungia. Leo ameninyang'anya karatasi, akasema ataandika mwenyewe. Namwachia nafasi yote iliyobaki, ni yake.

Mpwa wako

*

Mdogo wangu,

Goti nimelisikia. Barua yako kwa mtoto nimeisoma yote, kwa hiyo ukija usianze kunieleza upya, utanichosha. Omba likizo ya siku nne nyingine. Chumba cha mbele nimekifungua, madirisha yako wazi tangu juzi.

Njoo. Maji ya kuoga nitakuwekea mwenyewe.

Dada yako